Kigingi, Kurushiwa au Kofia ya Dumu: Njia Ipi Imfaayo Mtoto Anayejifunza Kupiga Besiboli?

Mzazi anayempeleka mtoto wa miaka mitano au sita kwenye besiboli kwa mara ya kwanza hukutana na swali moja mapema kuliko alivyotarajia: mtoto aanze kwa kupiga mpira uliotulia juu ya kigingi, au arushiwe mpira tangu siku ya kwanza? Hapa Columbus, Ohio, ambako kwa misimu mitatu nimekuwa kocha wa kujitolea wa watoto wa mtaani kwetu, swali hilo huzua ubishi mrefu kama ule wa pilau kutiwa nyanya au kutotiwa. Sisi wazazi tunaozungumza Kiswahili tuna ugumu wetu wa ziada, kwa kuwa wengi tumekulia kwenye kandanda na mikono yetu haijawahi kulizoea gongo (hili la kupigia, si lile la kunywa), kwa hiyo hujikuta tunamfundisha mtoto jambo ambalo sisi wenyewe tunalijifunza siku hiyohiyo.

Nimejaribu njia zote nitakazozieleza hapa, na ninazilinganisha kwa kipimo kimoja kikuu: ndani ya saa moja ya mazoezi, ni mara ngapi mtoto anaupiga mpira ukalia? Mtoto mdogo hafurahishwi na maelezo ya kiufundi, na peremende za mwisho wa mazoezi humfurahisha kwa dakika mbili tu. Kinachomrudisha uwanjani wiki inayofuata ni ule mlio wa mpira kwenye gongo na kuuona mpira ukienda kwa nguvu zake mwenyewe. Umri, idadi ya watu wazima waliopo, nafasi na gharama ni mambo ya kuzingatiwa pia, lakini nayazingatia baada ya hilo.

Mpira uliotulia

Kigingi ni kinguzo chembamba chenye kitako kipana chini na shingo laini ya mpira juu, ambapo mpira wa kupigwa huwekwa ukatulia. Wamarekani hukiita tii, na kwa sikio la Mswahili jina hilo limesibu, kwa sababu huo ndio mpira pekee katika besiboli unaomtii mtoto: haukwepi, haushuki ghafla, wala haumjii usoni. Little League, taasisi ya ligi za watoto iliyoanzia Williamsport, Pennsylvania, mwaka 1939, ina daraja zima la mchezo wa kigingi kwa watoto wa miaka 4 hadi 7.

Ubora wa kigingi ni kwamba kinampunguzia mtoto kazi. Kuupiga mpira unaokuja ni kazi mbili kwa wakati mmoja, yaani kuukadiria mpira na kuuzungusha mwili, na mtoto wa miaka mitano aliyepewa zote mbili kwa kawaida hufanya ya tatu, ambayo ni kufumba macho. Mpira ukitulia, kocha hupata nafasi ya kumtengeneza mikono na miguu bila haraka. Kwa mtoto anayetumia mkono wa kulia, mkono wa kushoto hukaa chini kwenye mpini, wa kulia hukaa juu yake, na mikono hiyo miwili hugusana. Wengi huipishanisha bila kujua, na gongo likizunguka mikono hujifunga kama kamba.

Kosa nililoliona zaidi kuliko yote, na ambalo mimi mwenyewe nililifundisha kwa msimu mzima nikidhani ni sawa, ni la mahali pa kusimama. Vigingi vingi vya madukani vimechomekwa katikati ya kibao chenye umbo la besi ya nyumbani (kile kibao cha pembe tano ambacho mpigaji husimama kando yake), kwa hiyo mtoto hujipanga sambamba na kibao, na mpira ukawa mkabala na kitovu chake. Hapo gongo huufikia mpira kabla kiuno hakijageuka na kabla mikono haijanyooka, na mtoto mwenye bidii huishia kuusukuma mpira badala ya kuupiga. Mpigaji, ambaye husimama ubavu kwa upande unakotoka mpira, anatakiwa arudi nyuma nusu hatua, ili mpira uwe sambamba na mguu wake wa mbele. Jioni niliyomrudisha binti yangu hiyo nusu hatua, mpira wa kwanza alioupiga ulipita juu ya kichwa changu, naye hakuuangalia ulikokwenda. Aliniangalia mimi, kana kwamba nimemfanyia mazingaombwe.

Urefu wa kigingi uanzie usawa wa kiuno cha mtoto. Gongo likigonga shingo ya kigingi mara kwa mara, mpira ukadondoka palepale miguuni, usikimbilie kukipandisha. Mara nyingi mtoto ameinua uso kutazama kule anakotaka mpira uende kabla hajaupiga. Mimi humwambia aniambie, baada ya kupiga, mpira ulikuwa na alama gani. Nimechora herufi kwa kalamu ya wino mzito kwenye kila mpira, na mtoto anayetafuta herufi hainui uso.

Udhaifu wa kigingi hautokani na kigingi chenyewe. Unatokana na foleni. Katika msimu wangu wa kwanza tulikuwa na watoto kumi na wawili na kigingi kimoja. Kumwita mtoto, kumsimamisha, kuuweka mpira na kumsubiri apige kulichukua kama sekunde ishirini, kwa hiyo katika nusu saa tulipata mapigo tisini, ambayo kwa watoto kumi na wawili ni mapigo saba au manane kwa kila mmoja, na muda uliobaki wote ni wa kusimama. Kufikia wiki ya tatu, nusu ya timu ilikuwa inajenga nyumba kwa udongo mwekundu wa uwanja, na kwa kweli nyumba zile zilikuwa nzuri. Vigingi vinne, watoto watatu kwa kila kimoja, kila kimoja na mtu mzima wake, huipandisha idadi hiyo hadi karibu thelathini bila kubadilisha kitu kingine chochote. Asiye na vigingi vinne anaweza kutumia koni ndefu ya barabarani yenye tundu juu, ambayo mpira hukaa bila tabu.

Kuna udhaifu wa pili, wa polepole. Mtoto anayekaa kwenye kigingi miaka mitatu huzoea kuchagua mwenyewe wakati wa kupiga, na siku anaporushiwa mpira husubiri mpaka umeshapita. Kwa hiyo kigingi kinashinda njia zote kwa mwanzo na kwa marekebisho, lakini kikiachwa peke yake huficha nusu ya mchezo.

Mpira wa kurushiwa

Kurushiwa kuna namna mbili ambazo wazazi huzichanganya, na tofauti yake ni kubwa. Katika namna ya kwanza, kocha hupiga goti pembeni na mbele kidogo ya mpigaji, hatua mbili tatu hivi, akautupa mpira kwa mkono wa chini kuelekea usawa wa nyonga ya mbele ya mtoto. Katika ya pili, kocha hukaa mbele kabisa, pale anapokaa mrushaji wa kweli, akarusha kutoka mita kadhaa.

Kwa kipimo changu cha mlio, namna ya pembeni haina mshindani. Ndoo ya mipira ishirini humalizika katika dakika mbili au tatu, na mtoto wa miaka sita aliyekwishapita kwenye kigingi huipata zaidi ya nusu. Siri yake iko kwenye mkono wa mrushaji: auonyeshe mpira, aushushe mkono mpaka karibu na goti, ndipo autupe, kila mara kwa mwendo uleule. Mtoto hujifunza kuvuta hatua yake mkono wa kocha unaposhuka, na hapo, bila mtu kumweleza, ameanza kujifunza muda wa kupiga. Tatizo ni kwamba njia hii inahitaji mtu mzima mmoja kwa mtoto mmoja, na mtu mzima huyo yuko karibu na gongo. Mtoto wa umri huo anaweza kuupiga mpira kwenda upande wowote, ukiwemo wa kocha. Mimi situmii mpira mgumu katika zoezi hili bila wavu mbele yangu, na uamuzi huo niliufikia baada ya goti langu kuvimba kwa siku nne.

Kurushiwa kutoka mbele ndiko kunakofanana na mchezo wenyewe, na ndiko kunakoharibiwa na huruma. Mzazi mwenye upendo huurusha mpira polepole kadiri awezavyo, akiamini anamrahisishia mtoto, kumbe anampa mpira mgumu kuliko yote. Hesabu yake si ngumu. Mpira unaokwenda mita 6 kwa sekunde kutoka umbali wa mita 6 hukaa hewani sekunde nzima, na katika sekunde hiyo mvutano wa dunia huushusha karibu mita 5, kwa hiyo mrushaji hana budi kuutupa juu kama anayemrushia mtu embe ghorofani, nao humfikia mtoto ukitokea mbinguni. Mpira huohuo ukirushwa kwa mita 12 kwa sekunde hutumia nusu sekunde na hushuka mita moja na robo tu, kwa hiyo njia yake inanyooka, na gongo linalozunguka usawa wa kiuno linaweza kukutana nao mahali pengi. Mtu mzima akipiga goti ili mkono wake ushuke karibu na kimo cha mtoto, akakaribia hadi mita 5 au 6, na akarusha kwa mwendo wa wastani ulionyooka, watoto wa miaka saba ambao jana walikosa kila mpira leo wataupata mmoja kati ya mitatu.

Mmoja kati ya mitatu, hata hivyo, ni kushindwa mara mbili kwa kila mafanikio moja, na hapa ndipo tabia ya mtoto inapoamua zaidi ya umri wake. Yuko mtoto anayekosa mipira minane, akacheka, akaomba wa tisa. Yuko mwingine ambaye kwa mpira wa tatu mdomo umeshaanza kutetemeka, na huyo wa pili si dhaifu wala si mvivu. Ligi nyingi za hapa zina utaratibu mzuri kwa ajili yake: akirushiwa idadi fulani ya mipira bila kupata, kigingi huletwa, anapiga, anakimbia kama wenzake. Nawashauri wazazi wauige nyumbani bila kuutangaza kama adhabu; kigingi kikae pale pembeni tangu mwanzo, kama kiti cha akiba.

Kuhusu mashine za kurushia mipira sina mengi ya kusema kwa umri huu. Hazipigi goti, hazionyeshi mkono unaoshuka, na mtoto hana cha kutazama ili ajue lini mpira unakuja. Zingoje mpaka afike miaka tisa au kumi, anapokaribia uwanja ambao mrushaji husimama mita 14 kutoka kwa mpigaji.

Mpira wenyewe na gongo lenyewe

Wazazi hutumia muda mwingi kuchagua njia na muda mchache kuchagua mpira, ilhali kwa raha ya mtoto mpira una uzito mkubwa zaidi. Mpira rasmi wa besiboli una gramu 142 hadi 149, mzingo wake ni sentimita 23 hivi, na ni mgumu kama jiwe lililovishwa ngozi. Mtoto aliyegongwa nao mbavuni mara moja huanza kurudisha mguu nje, mbali na mpira, kila unapokuja, na kumwondolea woga huo kunaweza kuchukua msimu mzima. Kwa hiyo mpaka miaka saba swali la mpira rasmi nalifunga kabisa.

Iliyobaki ni mpira wa sponji, wa tenisi, ule laini unaofanana na rasmi kwa umbo, na ule wa plastiki wenye matundu. Wa sponji ni salama kuliko yote, lakini haulii. Mtoto hupiga vizuri kisha akaniuliza kama amepiga. Wa tenisi hulia kidogo na huruka mbali mno, hivyo muda mwingi huishia kwa kuutafuta vichakani. Chaguo langu ni plastiki, kwa kuwa hulia kwa sauti, hauumizi, na hewa huukamata ukaanguka karibu, jambo linalofaa hata kwenye ua mdogo wa nyuma ya nyumba. Mpira wa namna hiyo ulio maarufu zaidi, Wiffle, ulibuniwa Connecticut mwaka 1953 na baba aliyemtengenezea mwanawe, nao una matundu manane upande mmoja tu, makusudi ili upinde njiani. Kupinda huko ni starehe kwa wakubwa na ni mateso kwa anayeanza. Mnunulie mtoto wenye matundu pande zote.

Gongo la umri huu huwa na urefu wa inchi 24 hadi 26, na kosa la kawaida ni kununua kubwa ili "alikulie", kama tunavyonunua viatu vya shule. Mwambie mtoto alishike kwa mkono mmoja, aunyooshe pembeni usawa wa bega, na umhesabie polepole mpaka ishirini. Mkono ukianza kushuka kabla ya kumi na tano, gongo ni zito kwake. Soma pia maandishi yaliyo kwenye gongo, kwa kuwa yale yaliyotengenezwa kwa mchezo wa kigingi huandikwa kwamba ni ya mpira laini peke yake, na yakitumiwa na mpira mgumu hubonyea.

Njia za wasio na vifaa

Haya yote yanaweza kumfanya mwalimu wa Morogoro au Kisumu aone kuwa besiboli ni mchezo wa wenye duka la vifaa karibu. Lakini sivyo: mwaka 2012 timu ya watoto kutoka Lugazi, Uganda, ilicheza Williamsport katika mashindano ya dunia ya Little League, ikiwa ya kwanza kutoka Afrika kufika hapo. Isitoshe, nchi zinazotoa wapigaji hodari hazikutegemea vigingi. Katika Jamhuri ya Dominika watoto hucheza vitilla, ambapo kofia ya plastiki ya dumu kubwa la maji hurushwa ikiyumba hewani na mpigaji huikabili kwa mpini wa ufagio. Japani nayo ina desturi ndefu ya kuwachezesha watoto kwa mpira wa raba, usioumiza kama ule wa ngozi.

Nilijaribu kofia ya dumu na watoto wa miaka sita, na sitairudia kwa umri huo: ni ndogo, inayumba, na kati ya kofia kumi walizipata mbili. Kwa watoto wa miaka tisa na kuendelea iliwaka moto. Walibishana, walihesabu, na hawakutaka kwenda nyumbani. Kinachowafaa wadogo kiko karibu zaidi nasi, nacho ni mpira wa rede, au kati kama waitavyo Kenya, ule wa soksi kuukuu iliyojazwa matambara na kushonwa. Hauendi mbali, hauumizi, na mrushaji yeyote aliyekulia kwenye rede anajua kuulenga. Mlio wake ni mzito, "bum", lakini upo.

Pasipo na gongo kabisa, kuna Baseball5, mchezo uliozinduliwa mwaka 2018 na Shirikisho la Dunia la Besiboli na Softiboli kwa kufuata mchezo wa mitaani wa Cuba. Mpigaji huurusha mwenyewe mpira wa raba na kuupiga kwa kiganja au ngumi, besi ziko mita 13 tu kutoka moja hadi nyingine, na kila timu huwa na wachezaji watano uwanjani. Kwa hesabu ya mapigo kwa saa unakishinda kigingi cha foleni mara nyingi, na umepangwa kuwamo katika Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026. Upungufu wake ni kwamba haumfundishi mtoto kushika gongo, ingawa mguu wa mbele, kiuno na macho hufanya kazi ileile.

Kuchagua

Ukiwa na mtoto wa miaka minne au mitano, chagua kigingi na mpira wa plastiki, dakika ishirini zisizidi, na umpe kitu cha kukiangusha, kama mnara wa vikombe au kofia yako juu ya kiti. Akiwa na miaka sita, anza na mapigo kumi ya kigingi, kisha ndoo mbili za kurushiwa kutoka pembeni. Akiwa na saba au nane, na akiwa wa kundi la wanaocheka wakikosa, hamia mbele na upige goti; akiwa wa kundi lile jingine, muda wa mbele uwe mfupi na uufunge kwa mpira wa pembeni ambao una hakika ataupata. Mwalimu mwenye watoto thelathini na msaidizi mmoja aachane na foleni ya kigingi, achukue Baseball5 katika makundi, na gongo alilonalo alifanye kituo kimoja kati ya vituo vinne. Katika kituo hicho achore duara ardhini ambalo hakuna aingiaye isipokuwa mpigaji, kwa sababu katika misimu yangu mitatu kilichonitisha zaidi kilikuwa gongo la mtoto anayejipasha moto nyuma ya mwenzake.

Mwaka huu mdogo wake binti yangu ametimiza miaka minne. Nimemtolea kigingi kile cha zamani chenye shingo iliyochanika, na mipira sita ya plastiki yenye herufi. Dada yake amekataa katakata kwamba mimi nirushe, kwa madai kuwa narusha kama ninayelisha kuku, kwa hiyo mdogo akimaliza mapigo yake ya kigingi dada hupiga goti pembeni na kumrushia, nami kazi niliyopewa ni kuokota.